Usafishaji wa Ethanoli ya Mimea kwa Vinasaji

Usafishaji wa ethanoli ya mimea kwa vinasaji ni njia ya kuondoa maji, harufu au ladha isiyotakiwa kwa kupitisha ethanoli katikati ya punje ngumu zenye vitundu vingi, ambazo hunasa uchafu kwenye nyuso za vitundu hivyo. Ethanoli hiyo hutokana na sukari au wanga wa miwa, molasi, mahindi au muhogo, uliochachushwa kwa hamira. Uchachu kwa kawaida huwa na ethanoli isiyozidi sana asilimia 10, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Vinasaji havikusudiwi kuondoa maji yote hayo, kwani vingeshiba mara moja. Manufaa yake yako mwishoni: pale maji yanapokuwa machache, ni nafuu kuyanasa hayo machache kuliko kuichemsha tena ethanoli yote.

Kazi ya kwanza ni ya ukenekaji, yaani kuchemsha uchachu na kupoza mvuke wake. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78.4 za Selsiasi na maji kwenye 100, hivyo mvuke hutangulia kuwa na ethanoli nyingi. Lakini mchanganyiko ukifikia takriban asilimia 95.6 ya ethanoli kwa uzani, mvuke na kimiminika huwa na uwiano uleule, na kuendelea kuchemsha kwa shinikizo la kawaida hakutenganishi chochote. Kwa miongo mingi viwanda vilivuka kikwazo hiki kwa kuongeza benzini, njia aliyoieleza mkemia Sydney Young mwaka 1902. Njia hiyo ilifanya kazi, ila ilidai ukenekaji mwingine wenye kula nishati, na benzini husababisha saratani ya damu.

Kinasaji kilichochukua nafasi ya benzini katika viwanda vingi ni zeolaiti ya aina ya 3A, madini yanayotengenezwa kwa alumini, silika na potasiamu. Vitundu vyake vina upana wa takriban nanomita 0.3. Molekuli ya maji, yenye upana wa kama nanomita 0.28, hupenya; ya ethanoli, yenye kama nanomita 0.44, hubaki nje. Mvuke kutoka kwenye mnara wa ukenekaji huingia moja kwa moja katika tangi la zeolaiti na kutoka ukiwa na ethanoli ya zaidi ya asilimia 99. Tangi moja likiwa kazini, lingine hutolewa maji kwa kupunguza shinikizo na kupitisha sehemu ndogo ya mvuke mkavu, kisha mvuke huo hurudishwa mnarani ili ethanoli yake isipotee.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba gharama haikuondoka, bali imehamishwa, kwa kuwa zeolaiti hushika maji kwa nguvu na kuyatoa hudai joto. Ni kweli kwamba kila kilo ya maji hudai nishati nyingi, lakini kilo zenyewe ni chache: katika kilo 100 za mchanganyiko ulioelezwa juu, maji ni kama kilo 4.4 tu. Zaidi ya hayo, kinasaji si lazima kiwe cha kiwandani. Mwaka 1979 Michael Ladisch na Karen Dyck wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba wanga na selulosi, ukiwemo unga wa mahindi, hukausha mvuke wa ethanoli kwa nishati ndogo kuliko ile inayopatikana ethanoli ikichomwa. Nafaka hunasa maji machache kuliko zeolaiti, lakini hukaushwa kwa joto la chini, na zikichakaa huweza kurudi kuwa malighafi ya uchachushaji.

Pingamizi zito zaidi linahusu usalama. Tangu Theodor Lowitz alipogundua huko Saint Petersburg, mwaka 1785, kwamba mkaa huondoa rangi na harufu katika vimiminika, mkaa, ambao nao ni kinasaji, umetumika kulainisha pombe kali. Mkaa hunasa vizuri molekuli kubwa zinazoleta ladha kali, lakini hunasa methanoli kwa udhaifu sana, na zeolaiti ya 3A haikuundwa kuiondoa. Pombe iliyotiwa methanoli inaweza kutoka kwenye mkaa ikiwa safi machoni na puani, na bado ikapofusha au kuua. Hii haiipi njia yenyewe dosari. Inaonyesha kwamba kila kinasaji kina uchafu wake, na usafi wa kinywaji sharti uthibitishwe kwa vipimo vya maabara.

Si kila ethanoli inahitaji kukaushwa hivyo. Brazili huuza ethanoli yenye maji kidogo kwa magari yaliyoundwa kuitumia, na majiko ya ethanoli huwaka nayo vilevile. Ukavu huwa sharti inapochanganywa na petroli, kwa sababu maji yakizidi, ethanoli huambatana nayo na kujitenga chini ya tangi. Kenya iliwahi kuuza mchanganyiko huo miaka ya 1980 kwa ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni. Nchi za Afrika Mashariki zenye molasi na mahindi zikirejea huko, zipime kwanza matumizi yaliyokusudiwa, kisha zichague kinasaji: kukausha ethanoli ya jikoni ni kupoteza nishati, na kuacha maji katika ya petroli ni kuharibu injini.