Shehrzade: Mke wa Kiajemi wa Seyyid Said aliyeacha ndege ukutani Kidichi

MKAZI wa Chanika akitajiwa Kidichi, mawazo yake huenda Mbagala, wilayani Temeke. Kidichi inayozungumzwa hapa iko Unguja, kaskazini mashariki ya mji wa Zanzibar, katikati ya mikarafuu na minazi. Huko limesimama hamamu lenye makuba ambalo Seyyid Said bin Sultan alimjengea mkewe wa Kiajemi, Shehrzade, mwaka 1850.

Bibi huyo anatajwa kuwa mjukuu wa Fath Ali Shah, aliyeitawala Uajemi, yaani Iran ya leo, kuanzia 1797 hadi 1834. Ndani ya hamamu, kuta zimepambwa kwa nakshi za lipu zenye maua, mitende na ndege, wakiwamo tausi. Jambo hilo si dogo. Ukoo wa Busaidi ni wa madhehebu ya Ibadhi, na majengo yao mengine hayakupambwa kwa sura za viumbe hai. Mfalme aliridhia desturi ya kwao mkewe iingie shambani kwake.

Tunayoyajua zaidi yametoka kwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akahamia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaieleza kasri ya Mtoni ambamo paa, tausi, mbuni na heroe walitembea uani, na ambamo mke mkuu, Bibi Azza binti Seif, mfupi wa umbo, alikuwa na sauti kubwa mbele ya mumewe.

Katika nyumba hiyo Shehrzade alikuwa kioja. Wanawake wa daraja walizoea kutoka baada ya jua kutua, wamejifunika. Yeye, kwa maelezo ya Salme, alipanda farasi na kuwinda mchana kweupe akifuatana na askari wake wa Kiajemi wapatao 150. Mavazi yake yalisheheni lulu na vito, na kito kikidondoka hakuinama kukiokota.

Hata hivyo, msomaji asisahau kwamba Salme alisimulia mengi aliyoyasikia kwa wakubwa, na nyumba ya wake wengi haikosi maneno. Anadai kuwa Shehrzade alipenda mali tu, kwamba hakuzaa, kwamba aliachwa akarejea kwao, hata akaonekana upande wa maadui Seyyid Said alipopigana na Waajemi. Bibi mwenyewe hakuachiwa nafasi ya kujibu.

Ulaya ilikuwa na mfano wake. Josephine, mke wa Napoleon, alinunua Malmaison, karibu na Paris, mwaka 1799. Akakusanya humo mawaridi na bata maji weusi wa Australia, huku nguo zake nyepesi na shali za Kashmir zikiigwa na mabibi wengi. Yeye naye hakumzalia mumewe mtoto, ndoa ikavunjwa. Tofauti ni kwamba mawaridi ya Malmaison yalipata mchoraji mashuhuri, Redouté, na barua za Josephine zimehifadhiwa.

Baadaye Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimwajiri fundi wa Kiajemi, Haji Gulamhussein, kujenga hamamu la watu wote mjini, mtaa unaoitwa hadi leo Hamamni. Kasri ya Mtoni imebaki magofu. Ndege wa Kidichi wangalipo ukutani.