Lugha na Marufuku ya Vitabu: Mfano wa Nchi ya Mlima Kenya

Historia ya kupigwa marufuku kwa vitabu huelezwa aghalabu kama historia ya maudhui: kitabu kimekashifu serikali, kimetusi dini, au kimevunja heshima. Maoni yetu ni kwamba maelezo hayo hayatoshi. Lipo swali linalotangulia: kitabu hicho kimeandikwa kwa lugha gani, na nani atakayekisoma?

Ashukaye kutoka Doldol kupitia Nanyuki hufika Karatina, mji ambao jina la Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapaji, halisahauliki. Mwaka 1948 Gakaara alitoa kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, alikamatwa na kuwekwa kizuizini kwa miaka mingi, na magazeti ya Kigikuyu yakapigwa marufuku. Kumbukumbu alizoziandika kwa siri kizuizini zilichapishwa kwa Kigikuyu mwaka 1983, zikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984.

Uhuru haukuigeuza kanuni hiyo. Julai 1977 riwaya ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood, inayowashutumu vikali matajiri wapya, ilizinduliwa na Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, wakati huo Waziri wa Fedha. Novemba mwaka huo huo, tamthilia ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilinyimwa kibali. Tarehe 31 Desemba mwandishi alikamatwa. Shutuma zilikuwa zile zile. Hadhira ndiyo iliyobadilika. Nakala za Matigari, riwaya yake ya Kigikuyu, nazo zilikamatwa madukani mwaka 1987.

Huenda mtu akapinga kwa kutaja Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, iliyozuiwa katika shule za Tanzania kwa hoja ya maadili, kisha baadaye ikaruhusiwa na kufundishwa. Ni kweli kwamba lugha pekee haielezi kila kisa. Hata hivyo, hapo pia riwaya ilikuwa katika lugha ambayo mwanafunzi na mzazi wake waliweza kuisoma pamoja.

Basi sisi tunaowahimiza waandishi watumie lugha za Kiafrika yatupasa kukiri gharama yake. Lugha iliyompa Gakaara wasomaji ndiyo iliyowafanya watawala wamsome kwa hofu.