Majina ya Dharau kwa Vijana wa Tabaka la Wafanyakazi Uingereza

Historia ya lugha ya mitaani ya Uingereza yadhihirisha kwamba tusi halizaliwi tusi. Hufanywa tusi na wasemaji. Neno yob, lililokwisha kuingizwa katika kamusi mwaka 1859, ni neno boy lililosomwa kinyumenyume, nalo lilimaanisha 'mvulana' tu. Chav nalo, kwa rai ya wataalamu wengi, lina asili ya Kiromani, ambamo chavo ni mwana wa kiume. Yote mawili yaliishia kumtaja kijana maskini, mkorofi, asiye na adabu.

Mageuzi haya yalisukumwa sana na magazeti. Ndiyo yaliyolieneza neno hooligan mjini London mwaka 1898, na Teddy boy mwaka 1953, kwa vijana wa kazi za mikono waliothubutu kuvaa makoti marefu ya enzi ya Mfalme Edward VII. Mtindo huo ulikuwa umefufuliwa na washonaji kwa ajili ya matajiri. Ulipovaliwa na maskini ukawa dalili ya uhalifu.

Chav lilipovuma mwaka 2004, ilienea hadithi kwamba ni ufupisho wa maneno yenye maana ya 'wakali wa nyumba za halmashauri'. Kwa isimu, hadithi hiyo ni ya uongo. Kwa historia, ni ushahidi wa nani aliyekusudiwa. Basi mtunga kamusi hana budi kueleza si maana ya neno tu, bali pia ni nani alitamkaye, na dhidi ya nani.