Moto wa Tumboni na Habari za Dawa Yake

Leo twapenda kuzungumza habari za maradhi yanayojulikana sana Murongo na katika Karagwe yote. Maradhi hayo ni moto uwakao chini ya chembe cha moyo, ambao mara nyingine hupanda kifuani hata kooni. Ukipanda huitwa kiungulia. Na ukikaa tumboni siku nyingi, ukimwamsha mtu usiku, huenda ni vidonda vya tumbo.

Tangu zamani wanadamu wameutafutia moto huu maji ya kuuzima. Katika nchi ya Karagwe ziko chemchemi za maji ya moto ziitwazo Mtagata. Mwaka 1876, zamani za Mfalme Rumanyika, msafiri Henry Morton Stanley alifika huko akawakuta wagonjwa wakioga, wakitumaini kupona maradhi yao. Yeye naye aliyanywa maji yale kwa wingi ili ayajaribu, asione badiliko lo lote mwilini mwake. Hata hivyo tusiwacheke wagonjwa wale, kwa maana siku zile hata matabibu wa Ulaya hawakujua chanzo cha vidonda vya tumbo.

Jambo moja tu walikuwa wamekwisha kulijua. Mwaka 1822, huko Marekani, kijana mmoja, Alexis St. Martin, alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Jeraha lake lilipona, lakini likaacha tundu lililoingia mpaka tumboni. Daktari wake, William Beaumont, alichungulia katika tundu hilo kwa miaka kadhaa, akatia vipande vya nyama vilivyofungwa uzi, akavitazama vikiyeyuka. Mwaka 1833 alitoa kitabu akionyesha kwamba tumbo hutoa maji makali, yaani asidi, yayeyushayo chakula. Aliona pia kwamba pombe kali huifanya ngozi ya ndani ya tumbo kuwa nyekundu.

Tangu hapo lawama yote iliwekwa juu ya asidi. Wagonjwa waliambiwa wanywe maziwa, waache pilipili, wala wasiwe na wasiwasi. Wengine walipasuliwa, wakakatwa sehemu ya tumbo. Walipata nafuu, lakini kwa baadhi yao kidonda kilirudi.

Katika Afrika, madaktari waliona ya kuwa ugonjwa huu haukuenea sawasawa. Mwaka 1975 daktari mpasuaji Frank Tovey na mwenziwe Tunstall walichapisha habari walizozikusanya katika nchi nyingi zilizo kusini ya Sahara. Miongoni mwa mahali palipokuwa na vidonda vingi walitaja nchi za juu zinazogawa maji ya Nile na ya Congo. Na mto Kagera, unaopita Murongo na kuitenga na Kikagati ya Uganda, hukusanya maji yake kutoka nchi hizo hizo za juu.

Ndipo siri ilipofunuliwa mjini Perth, Australia. Mwaka 1979 Robin Warren aliona vijidudu vilivyopindapinda katika vipande vya tumbo la wagonjwa. Wenzake wengi hawakusadiki, maana walidhani hakuna kijidudu kiwezacho kuishi katika asidi. Mwaka 1982 yeye na Barry Marshall walifaulu kuviotesha, baada ya vyombo kuachwa siku nyingi kuliko desturi wakati wa sikukuu ya Pasaka. Mwaka 1984 Marshall alivinywa yeye mwenyewe, na baada ya siku chache akaugua tumbo. Kijidudu hicho huitwa Helicobacter pylori. Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel.

Basi, habari hizi zatufundisha nini? Zatufundisha kwamba kuzima moto si kuponya kidonda. Maziwa hutuliza kwa kitambo kidogo, kisha tumbo hutoa asidi nyingine. Watu wengi huwa na kijidudu hiki bila kuumwa; lakini aliye na kidonda hana budi kupimwa. Akionekana nacho, hupewa dawa za kukiua pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa siku kumi hata kumi na nne. Sharti azimalize zote, hata kama maumivu yamekwisha siku ya tatu. Kadhalika, dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki zaweza kutoboa tumbo. Aliye na vidonda asizinywe bila kumwuliza mganga wa hospitali.

Kiungulia ni jambo jingine: asidi hupanda na kuunguza umio, yaani njia ya chakula. Mwenye kiungulia ale kidogo kidogo, asilale mara baada ya kula, ainue upande wa kichwa wa kitanda chake, apunguze rubisi na kahawa akiona vyamdhuru, na aache tumbaku.

Lakini atapikaye damu, au apataye choo cheusi kama lami, au ashindwaye kumeza, au akondaye bila sababu, asingoje siku ya soko wala msimu wa mavuno. Apelekwe hospitali siku ile ile. Wagonjwa wa Mtagata walikwenda mbali kutafuta dawa ambayo haikujulikana bado. Sisi tumekwisha kuipata; tusife kwa kukawia.