Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Historia Fupi ya Kupoteza Muda Uwanjani

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi la kutangaza mpira kwa Kiswahili. Tuliwaonyesha picha za mchezo wa Zaire na Brazil wa Kombe la Dunia la mwaka 1974. Brazil walipata mpira wa adhabu, na kabla hawajaupiga, beki mmoja wa Zaire akachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali. Darasa zima liliangua kicheko. Mwanafunzi aliyekuwa akitangaza akasema, "Huyu hata sheria hazijui!" Nasi walimu tulicheka. Baadaye tukajiuliza: tulikuwa tunamcheka nani, na kwa maneno ya nani? Makala haya ni matokeo ya swali hilo.

Tuanze na hila yenyewe. Kupoteza muda ni jambo la zamani karibu sawa na kandanda ya kisasa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1891, huko Uingereza, Stoke walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Aston Villa wakapewa penalti zikiwa zimebaki dakika chache. Mlinda lango wa Villa aliupiga mpira hadi nje ya uwanja, na kabla haujapatikana muda ukaisha. Ndipo sheria ikaruhusu mchezo urefushwe ili penalti ipigwe.

Tangu hapo watunga sheria na wachezaji wamekuwa kama paka na panya. Baada ya malalamiko juu ya Kombe la Dunia la mwaka 1990 kule Italia, mwaka 1992 mlinda lango alikatazwa kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1998, mwamuzi wa nne alianza kuonyesha kwa kibao dakika za nyongeza. Mwaka 2000 mlinda lango aliwekewa sekunde 6 za kushika mpira, lakini waamuzi wengi walifumba macho. Mwaka 2025 zikawa sekunde 8, na akizidisha, wapinzani wanapewa kona. Kila kifungu kati ya hivi ni kovu la hila fulani.

Watangazaji wetu nao wana msamiati wao: kula muda, kupoza mpira, kujiangusha, kubutua. Maneno haya aghalabu huelekezwa kwa timu dhaifu, ile inayohema na kuomba filimbi ya mwisho. Hata hivyo, wenye nguvu nao hula muda. Tarehe 25 Juni 1982, mjini Gijón nchini Hispania, Ujerumani Magharibi waliifunga Austria bao katika dakika ya 10. Matokeo hayo yaliwatosha wote wawili kusonga mbele na kuitoa Algeria, ambayo ilikuwa imewashinda Wajerumani hao hao mabao 2 kwa 1. Basi muda mwingi uliobaki, timu hizo zilipasiana mpira bila nia ya kufunga, na watazamaji wakazomea. Kuanzia mwaka 1986, michezo ya mwisho ya kila kundi huchezwa saa moja. Watu waliita kitendo kile aibu, lakini hakuna aliyesema kwamba Wajerumani na Waaustria hawakujua sheria za mpira.

Sasa turudi kwa yule beki. Jina lake ni Mwepu Ilunga, mchezaji wa klabu ya TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha ya mtaani na sokoni. Klabu hiyo, wakati huo ikiitwa Englebert, ilikuwa imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Zaire yenyewe ilikwenda Ujerumani ikiwa bingwa wa Afrika wa mwaka huo huo wa 1974, na ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Je, watu wa namna hiyo hawakujua mpira wa adhabu ni wa nani?

Ifahamike kwamba walifungwa na Scotland mabao 2 kwa 0. Kisha wachezaji wakapata habari kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata, wakakaribia kugoma. Tarehe 18 Juni Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0. Kwa mujibu wa wachezaji wenyewe, baada ya kipigo hicho watu wa Rais Mobutu waliwafuata na kuwatisha: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3, wasitarajie kurudi nyumbani salama. Tarehe 22 Juni wakaingia uwanjani Gelsenkirchen wakiwa na hesabu hiyo vichwani. Kwao, kila sekunde iliyopita ilikuwa faida. Mchezo uliisha Brazil 3, Zaire 0.

Mwamuzi alimpa Ilunga kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya walimpa jina la mjinga, na jina hilo lilimfuata miaka mingi. Ilunga, aliyefariki mwaka 2015, alieleza baadaye kwamba sheria alizijua na alifanya makusudi. Mara alisema alikuwa akipinga dhuluma waliyofanyiwa wachezaji, akitaka hata atolewe nje. Mara alitaja hofu na vitisho. Maelezo yake hayakuwa yale yale kila alipoulizwa, lakini hakuna hata moja kati yake linalotaja ujinga.

Hatusemi kwamba kupoteza muda ni jambo jema. Aliyelipa kiingilio ana haki ya kuona mpira ukichezwa. Tunachosema ni kwamba anayekula muda ana sababu, na mtangazaji asiyeitafuta sababu hiyo hutangaza nusu ya mchezo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Waliopewa adhabu na mwamuzi wasipewe nyingine na ulimi wetu.

Muhula ujao zoezi litarudiwa kwa picha zile zile. Safari hii wanafunzi watasimuliwa kwanza habari za fedha, za mabao 9 na za vitisho, ndipo washike kipaza sauti. Sisi walimu wa lugha tunajua kwamba ujinga na ujanja hutofautiana kwa herufi mbili tu. Mwepu Ilunga aliishi zaidi ya miaka 40 akiwa amebandikwa neno lisilo lake.