Kongwa siyo karanga tu, jamani

Wiki hii kwenye semina tumefika kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, na kama kawaida darasa zima likacheka. Kila anayeusikia anacheka, hata mimi huwa nacheka. Ila mwenzenu natoka Kongwa, na ninachokiona ni kwamba watu wakishamaliza kucheka wanafunga daftari, kana kwamba mji wenyewe ulikufa siku ile matrekta yalipoondoka. Basi leo naandika, mvumilie.

Kwa wasiopajua: ukitoka Morogoro kwenda Dodoma unapita Gairo, halafu Kibaigwa (kule kwenye soko kubwa la mahindi), ukifika Mbande unaiacha lami ya Dodoma na kukunja kushoto. Hiyo njia inakupeleka Kongwa, na ukiendelea nayo unafika Mpwapwa. Ni mji mdogo, makao makuu ya wilaya, na ni nchi ya Wagogo, ingawa upande wa mashariki kuna Wakaguru pia. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na hazina adabu: mwaka huu zinanyesha, mwakani zinakuchungulia tu. Ndiyo maana wazee walishika uwele na mtama, mazao yanayovumilia kiu, na wakaweka akiba yao kwenye ng'ombe. Ng'ombe unaweza kumhamisha akafuate maji, shamba huwezi.

Na hilo hawakulisoma kitabuni. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilipigwa na njaa inayoitwa Mtunya. Vita ya kwanza ya dunia ilikuwa imepita hapo, kwanza Wajerumani halafu Waingereza, wote wakichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Ukame ulipofika ukakuta ghala tupu. Yaani wenyeji walikuwa wameshajua kwa gharama kubwa sana nini kinatokea mtu wa mbali akiamua chakula cha Ugogo kiende wapi.

Sasa njoo 1946. Uingereza imetoka vitani, mafuta ya kupikia yanagawiwa kwa mgao. Bwana mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akatoa wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikatuma timu ya watu 3 ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wiki 9 tu! Na sehemu kubwa ya ardhi waliiangalia kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa eka zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ilipendwa kwa sababu ilionekana pori lisilo na watu. Hebu fikirini, nchi ina wakulima na wafugaji pande zote, halafu katikati kuna eneo kubwa hawakai. Swali la kwanza si lingekuwa kwa nini?

Jibu lilikuja lenyewe. Mwaka 1947 walipanga kulima eka 150,000, wakapanda kama 7,500. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakaharibika hovyo. Mibuyu na mizizi ya lile pori ikawashinda, nyuki nao wakawafukuza madereva. Udongo wetu mwekundu una mchanga mkali unaokula chuma, na mvua ikikatika unakauka kama saruji, kwa hiyo hata karanga zilizoota, kuzitoa ardhini ilikuwa kazi. Ukame nao ukaja kumalizia. Januari 1951 mradi ukafutwa, zaidi ya pauni milioni 36 zimeshakwenda.

Kuna kipande cha hadithi hii ambacho huwa hakichekeshi mtu, nacho ni vibarua. Maelfu ya wanaume walikuja Kongwa kufuata mshahara, bei ya chakula ikapanda, na mshahara wenyewe haukutosha. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa 1947 ulisafiri na reli mpaka ukafika Kongwa. Kwa mji ambao haukuwa na hata miaka miwili ya mradi! Mimi hapo ndipo naona historia ya Kongwa inaanzia, maana ndipo watu wa Kongwa wanaonekana wakiamua jambo lao.

Baada ya hapo yakabaki majengo, barabara na eneo kubwa lililofyekwa. Mashamba yakageuzwa malisho, na ranchi ya taifa ya Kongwa ni mtoto wa hayo mabaki. Yaani baada ya mamilioni yote yale ardhi ikarudi kwa ng'ombe, kama wazee walivyokuwa wanaitumia, hehehe.

Halafu mwaka 1964, kwenye mabaki hayo hayo, wakafika wapigania uhuru. FRELIMO, SWAPO, ANC na wengine walikuwa na kambi Kongwa kupitia Kamati ya Ukombozi ya OAU. Samora Machel alipita hapo kama mkufunzi. Wapiganaji wa kwanza wa SWAPO waliorudi Namibia kwa siri mwaka 1965 walitokea Kongwa. Baadaye FRELIMO walihamishia kambi yao kuu Nachingwea, ambako nako karanga zilishindwa. Kijana wa Msumbiji au Afrika Kusini alijikuta anaishi jirani na Wagogo, ananunua maziwa, anajifunza Kiswahili, wengine wakazaa watoto hapo. Makaburi ya baadhi yao yapo mpaka leo.

La mwisho ambalo semina haitaligusa ni vikope. Kongwa ilikuwa na wagonjwa wengi mno wa vikope, vinavyoanza utotoni na kumpofusha mtu ukubwani. Miaka ya 1980 walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Kwa macho ya haraka jibu ni rahisi: leta maji. Lakini wao walikaa vijijini wakauliza nani ndani ya nyumba anaamua maji yatumikeje, baba au mama, na kwa nini mtoto haoshwi uso. Wakakuta watu wengi wanaamini kunawa uso kunataka maji mengi, kumbe kidogo tu yanatosha nyuso za watoto kadhaa. Ndipo wakakaa na wanakijiji kupanga kampeni ya kunawa nyuso, na utafiti uliotoka 1995 ulionyesha watoto wenye nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Ukilinganisha na ile ndege ya Wakefield, mimi nasema swali lililoulizwa mlangoni kwa mama wa Kigogo lilifanya kazi kuliko matrekta yote yale.

Mkiwa likizo, wale wa njia ya Dodoma, shukeni Mbande mpande gari la Kongwa. Mtapewa ugali wa uwele na mlenda, na mkisalimia "mbukwenyi" mtapewa na kiti. Kesho nina testi saa mbili asubuhi, ngoja nikajisomee.