Benki Inakula Salo Yako Polepole? Hivi Ndivyo Utahesabu Makato na Kuhama Bila Kuchomeka

Salo ikiingia, macho yako huenda kwa ile namba kubwa. Zile ndogo za chini, 35 hapa, 60 pale, unaziruka tu. Benki nayo inajua huwezi kupiga foleni saa nzima juu ya soo moja. Shida ni kuwa hizo soo zikishikana mkono, mwisho wa mwaka ni doh ya maana. Hii hapa rada yote: unakatwa nini, unahesabu aje, sheria inakupa haki gani, na ukiamua kuhama uanzie wapi.

UNAKATWA NINI HASA?

Kwanza jua akaunti yako ni ya aina gani. Wasee wengi wakiajiriwa hufunguliwa akaunti ya hundi, ile mtaani inaitwa karenti, hata kama hawajawahi kushika kitabu cha hundi. Hiyo ndiyo huwa na makato mengi:

1. Ada ya kila mwezi. Inakatwa hata kama hujagusa akaunti.

2. ATM. Mashine ya benki yako ina bei yake, ya benki ingine inakuchapa zaidi.

3. Kutoa doh benki kwenda kwa simu. Kutoka Machi 2020, wakati wa korona, hii ilikuwa bure. Januari 2023 ada ikarudi, ingawa viwango vilishushwa vikilinganishwa na vya kabla ya korona. Kama wewe hutuma mia mbili mbili kila ukitaka kununua lunch, hapa ndipo unavuja.

4. Malipo yaliyokwama. Standing oda ikipata akaunti iko tupu, unapigwa faini. Hundi ikidunda ni noma zaidi: kutoa hundi ukijua hakuna kitu kwa akaunti ni kosa la jinai Kenya, si deni tu.

5. Ushuru wa serikali. Juu ya ada ya benki kuna ushuru wa bidhaa unaoenda kwa KRA. Sheria ya Fedha ya 2018 iliutoa asilimia 10 ikaupeleka 20. Ile ya 2023 ikashusha ule wa ada za kutuma pesa hadi 15. Huwezi kuukwepa, lakini unapigwa kwa ada, si kwa salo. Ada ikipungua, nao unapungua.

PIGA HESABU KABLA YA KUKASIRIKA

Toa taarifa ya akaunti ya miezi mitatu kwa apu ya benki. Chukua kalamu, weka alama kwa kila makato ambayo si wewe umenunua kitu. Jumlisha, gawa kwa tatu, zidisha kwa 12.

Mfano tu: tuseme ada ya mwezi ni 240, ATM mara nne kwa 40 ni 160, kutuma kwa simu mara nane kwa 40 ni 320. Hiyo ni 720 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 8,640. Kuna watu hiyo ni rent ya mwezi mzima.

Angalia pia ni makato gani yanakula zaidi. Kwa huo mfano, benki haijakosea kitu. Karibu nusu ya hasara inatoka kwa kutuma kidogo kidogo. Ukituma mara mbili kwa mwezi badala ya nane, umeokoa 240 bila kuhama popote.

JARIBU HIZI KABLA YA KUHAMA

Ingia kwa tawi uulize kama kuna akaunti isiyo na ada ya mwezi, ile unalipia tu ukiitumia. Benki nyingi ziko nayo, lakini hakuna mtu atakupigia simu kukuambia.

Uliza pia kuhusu akaunti ya akiba. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Benki kinakataza benki kutoza ada akaunti za akiba. Kwa hivyo doh ambayo huitumii kila siku haina sababu ya kulala kwa karenti ikinyonywa.

Na kama unalipa mtu mwenye akaunti ya benki, usipitishe doh kwa simu ndio aiweke benki tena. PesaLink, iliyozinduliwa 2017, inatoa benki moja hadi ingine papo hapo, kuanzia shilingi 10 hadi 999,999. Linganisha ada yake na ile ya njia yako ya kawaida.

"LAKINI HR WALISEMA LAZIMA BENKI HII"

Hapa ndipo wengi hukwama. Mwajiri ana mkataba na benki fulani, ukiingia job unapewa fomu, unasaini. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 17, inasema mshahara ukilipwa kupitia benki, uingie kwa akaunti ambayo mfanyakazi mwenyewe ameitaja. Wewe ndiye unachagua. Huhitaji kuenda HR na vita. Barua fupi yenye jina la benki mpya, tawi na namba ya akaunti inatosha.

Kitu kingine: kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinasema benki haiwezi kupandisha ada bila idhini ya Waziri wa Fedha. Ukiona ada mpya imetokea tu, uliza kwa maandishi imetoka wapi. Wasipokujibu vizuri, peleka malalamiko Benki Kuu ya Kenya.

KUHAMA, HATUA KWA HATUA

Uingereza tangu 2013 kuna huduma inayohamisha akaunti nzima, malipo yote ndani, kwa siku saba za kazi. Huku kwetu mwenye kubeba mizigo ni wewe. Fuata mpangilio:

Moja, chagua kwa orodha ya ada, si kwa tangazo. Kila benki iko nayo. Weka matumizi yako halisi ya miezi mitatu kwa bei zao uone. Usiogope benki ndogo kwa sababu ya udogo pekee: tangu 2020, KDIC inalinda amana hadi shilingi 500,000 kwa kila mtu kwa kila benki ikianguka.

Mbili, fungua mpya kabla ya kugusa ya zamani. Beba kitambulisho, PIN ya KRA na picha. Weka thao moja hivi, jaribu kadi, jaribu apu, tuma kwa simu.

Tatu, andika kila kitu kinachopitia akaunti ya zamani: rent, bima, chama, sacco, wateja wanaokulipa, kila standing oda. Hamisha moja baada ya ingine.

Nne, peleka barua kwa HR mapema, kabla hawajafunga orodha ya mishahara ya mwezi huo.

Tano, kama una mkopo unaolipwa kwa salo, simama hapo kwanza. Ukihamisha salo bila kuongea na benki, rejesho litakosa, na jina lako linaweza kupelekwa CRB. Ongea na watu wa mikopo, mkubaliane utalipa aje, au uliza kama benki mpya itanunua huo mkopo. Hesabu pia ada za kuununua. Wakati mwingine ni poa umalize deni kwanza.

Sita, acha akaunti zote mbili zikimbie hadi uone salo mbili zimeingia kwa mpya bila shida.

Saba, funga ya zamani kwa maandishi.

USIACHE AKAUNTI IJIFIE

Hii hatua ya saba ndiyo wasee huruka. Unatoa doh yote, unatupa kadi, unasahau. Lakini ada ya mwezi haijui umehama. Kwa baadhi ya benki inaendelea kuhesabika hadi akaunti inaingia hasi, na miaka baadaye unaomba mkopo kwingine unaambiwa una deni la benki uliyoisahau. Na ukiacha kitu ndani, baada ya miaka mitano bila dalili yako, hiyo doh inapelekwa kwa Mamlaka ya Mali Zisizodaiwa, UFAA. Unaweza kuidai, ila utajaza makaratasi.

Kwa hivyo enda kwa tawi, toa salio, rudisha kadi na hundi zilizobaki, andika barua ya kufunga, na usitoke bila nakala yenye muhuri wa benki. Baada ya miezi michache toa ripoti yako ya CRB. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Kama ile akaunti inaonekana bado iko wazi, hiyo nakala yenye muhuri ndiyo itaongea badala yako.